Aliyekanyaga Klachi

Mara ya tatu nilipofunga giaboksi ya lile lori, nilimwambia Mungu waziwazi kwamba mara ya nne hanipati. Nina miaka hamsini na nane. Kulala chali chini ya chuma chenye uzito wa ng'ombe wawili, matope yanaingia kwenye kola na oili inachuruzika sikioni, hiyo si kazi ya mtu wa umri wangu. Lakini bonde zima la Lihangwe lilikuwa limebaki na fundi mmoja, na fundi huyo ni mimi, Editruda Mapunda, koplo mstaafu, mwenye mdomo mrefu na magoti mabovu.

Giaboksi niliishusha kwa magogo matatu na mnyororo, maana jeki ilikwenda na maji Jumatatu. Nikatoa sahani ya klachi, lile duara jembamba linalobanwa kati ya injini na giaboksi ili nguvu ifike kwenye magurudumu. Ilikuwa imelika hadi kwenye riveti. Nikaivisha ngozi mpya, niliyoikata kwenye mkanda wa mashine ya kusaga, nikapiga riveti moja moja, nikarudisha kila kitu mahali pake.

"Washa, Mwalimu," nikasema.

Mwalimu Haule, mkuu wa shule yetu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, amevaa tai. Dunia inazama na yeye kavaa tai. Akawasha. Injini ikanguruma vizuri tu. Akaingiza gia ya pili, kwa sababu ya kwanza iling'oka meno enzi za vita na haitumiki tena. Akaachia wenzo wa klachi, ule niliomtengenezea kwa nondo ya jengo la shule, maana lori hili halikuwa na pedali ya klachi.

Lori halikusogea hata unywele.

"Itakuwa beringi," nikasema.

"Juzi ulisema beringi," alijibu Mwalimu kwa upole. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia maji, ambayo asubuhi hiyo yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya pili ya duka la ushirika.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Wenye nguvu walitoka kwa miguu siku kumi nyuma, kabla kijito hakijajaa. Waliobaki ni wazee, wagonjwa, akina mama wenye vichanga, watoto, na wapumbavu wawili waliokataa kuwaacha, yaani mimi na Mwalimu. Kule chini mashine ya bwawa jipya ilikuwa imefunga milango yake. Mashine hiyo haina macho, inasoma Daftari, ile orodha ya serikali ya nani anaishi wapi, na Daftari lilisema bonde letu ni tupu. Sisi sote tuliandikwa kwamba tumeshahama. Siku simu zilipokuwa bado zinashika, nilipiga mwenyewe. Sauti ikapokea kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Kumbukumbu zinaonyesha uko Makao Mapya, nyumba namba mia mbili na kumi na mbili. Je, umeridhika na nyumba yako?"

"Niko Lihangwe, maji yananifikia magotini!"

"Pole sana mama. Hakuna mtu Lihangwe."

Nikaitukana hadi salio likaisha. Kila gari linalojiendesha tuliloliita lilisoma Daftari hilohilo na kutujibu vilevile. Zaidi ya hapo, barabara ya kutokea ni moja. Inavuka kijito, kisha inaingia Mkato, mfereji uliochongwa kwenye mwamba, mita mia tatu za mwinuko mkali, kuta pande zote mbili. Ndani ya Mkato maji ya mlimani yalikuwa yanashuka kwa kasi huku ya bwawa yakipanda. Jana yake kijana mmoja, Chaula, aliyerudi kumfuata mama yake, alijaribu kupita kwa kamba. Kamba tuliivuta ikarudi. Chaula hatukumpata.

Kwa hiyo lori. Lilikuwa la jeshi, ushirika ulilinunua kwenye mnada kwa ajili ya chuma chake, likavutwa hadi bondeni, likakaa miaka kumi na moja likitagiwa mayai na kuku.

"Usizime," nikamwambia Mwalimu. "Ondoa mkono kwenye wenzo. Ondoa na miguu. Kaa kama uko kanisani."

Nikajisukuma tena chini ya lori, injini ikiwa inaunguruma juu ya kifua changu. Nikaangalia mkono wa klachi, kile kipande cha chuma kinachosukuma beringi ili sahani iachane na injini. Kilipaswa kulegea. Kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho. Nikakipiga kwa spana kikarudi nyuma kidogo. Halafu, huku namwona Mwalimu kupitia upenyo wa sakafu ameinua miguu yote miwili hewani, kikajisukuma tena mbele, taratibu, kwa nguvu.

Nikasema kwa sauti, "Nani anakanyaga klachi?"

Nikagonga fremu kwa spana.

"Nyoo! Lijinga hili, utadhani lilifugwa na Msukuma!"

"Na wewe unakaza nati," sauti ikasema kutoka juu ya kichwa changu, "kama Mngoni anayechelewa kilabuni."

* * *

Watu wa siku hizi hawajui, kwa hiyo nieleze.

Wakati wa vita vya mpakani, jeshi lilichoka kupoteza madereva. Likaanza kuwanakili. Dereva analala siku thelathini na kofia ya nyaya kichwani, na yote anayoyajua kuhusu barabara, miguu yake, masikio yake, hasira zake, yanahamia kwenye sanduku la chuma linalofungwa nyuma ya kabini. Sanduku lile ndilo linaendesha. Dereva mwenyewe akifa, lori linaendelea. Ndiyo maana lori letu halikuwa na pedali. Lilikuwa na pampu ndogo ya mafuta iliyosukuma klachi kwa amri ya sanduku.

Sajenti Nkwabi Lushinge alikuwa dereva bora kikosini. Alikufa mwezi wa saba wa vita, darajani, akivuta gari la wagonjwa. Nakala yake ilibaki ndani ya lori hilihili, na mimi nikawa fundi wake miaka tisa. Nilikuwa nimetukanana na Nkwabi aliye hai, nikaendelea kutukanana na Nkwabi wa sandukuni, na sikuona tofauti. Sisi Wangoni na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Akichukua kitu chako huruhusiwi kudai. Vita vilipokwisha, amri ikatoka kwamba nakala zote zifutwe kabla magari hayajauzwa raia. Nilisaini karatasi inayosema Nkwabi amefutwa. Siku ile sikula.

Nilitoka chini ya lori kwa magoti na viwiko.

"Nkwabi?"

"Naam, mla panya."

"Walisema wamekufuta!"

"Aliyetumwa kunifuta alikuwa Msukuma mwenzangu kutoka Maswa. Akabonyeza kitufe cha taa badala yake, akaniambia ninyamaze. Nimenyamaza miaka kumi na moja, Editruda. Nimesikiliza kuku. Kuku ni wajinga sana."

Mwalimu Haule alikuwa ameshuka kitini bila kuambiwa, ameishika tai yake.

Nilicheka, nikalia, nikalipiga lile sanduku teke. Kisha akili ikanirudia. "Wiki nzima nashusha giaboksi! Mara tatu! Wewe upo humo unanitazama, na umekanyaga klachi! Kwa nini, mwana wa haramu?"

"Kwa sababu mkienda mtakufa."

Akaeleza, kwa sauti ileile ya kukwaruza, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Katikati ya Mkato kuna kona. Lori refu kama hili haliikati kwa mkupuo mmoja. Lazima lisimame, lirudi nyuma, lianze tena kupanda kutoka pale pale liliposimama. Lori lenye gia zote lingeanza kwa gia ya kwanza, kwa urahisi. Letu lingeanza kwa gia ya pili, na hapo klachi isingeshika mara moja, ingeteleza kwanza, sahani ikisuguana na kuungua mpaka lori lipate mwendo. Mzigo ukizidi, ngozi yangu ya mkanda wa kusaga ingeungua yote kabla magurudumu hayajazunguka. Na pale kwenye kona maji yalikuwa yanafika kiunoni na yanavuta. Hakuna wa kushuka kusukuma, hakuna wa kushuka kupunguza uzito. Lori lingerudi kinyumenyume hadi kijitoni, na watu wake.

"Safari mbili je?" Mwalimu aliuliza.

"Ngozi hiyo ina kona moja tu ndani yake, Mwalimu. Na jioni maji yatakuwa juu ya injini."

"Kwa hiyo unabeba wangapi?" nikauliza.

"Kumi na mmoja."

Tukaanza kuvua. Tulifungua bati za kinga za pembeni, tairi la akiba, winchi, milango, viti, bampa ya mbele. Bibi mmoja wa miaka sabini alikuwa anafungua nati kwa spana namba kumi na tisa na kuziimbia. Kila kitu kikianguka matopeni, Nkwabi anataja idadi mpya. Kumi na watatu. Kumi na watano. Kumi na saba. Tulipomaliza hata boriti za turubai, akasema kumi na nane, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kufungua.

"Kumi na nane," nikasema.

"Kumi na nane, Koplo. Watakaopita watapita salama. Nawapitisha mwenyewe."

* * *

Sitaki kusimulia saa moja iliyofuata, lakini nitasimulia, maana nilikuwepo.

Hakuna aliyegombana. Ingekuwa nafuu wangegombana. Akina mama waliwasogeza watoto karibu na lori, kidogo kidogo, kama watu wanaotafuta kivuli. Mzee Kapinga, mwenye miaka themanini na mmoja, alisema yeye aachwe, amekula chumvi ya kutosha. Mke wake akamwambia, "Ukibaki wewe na mimi nabaki, na nikibaki mimi nani atamshika Yustina?" Yustina ni mjukuu wao, hana miguu. Mzee akaanza kukuna mkongojo wake kwa ukucha.

"Mwacheni mzee," Nkwabi akasema kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia. "Tuseme ukweli. Themanini na mmoja. Na yule mwenye kifua. Mnawabeba ili wafe wiki ijayo?"

"Funga mdomo wako!" nikamfokea.

"Nahesabu tu, Editruda."

Mzee Kapinga alitazama lile sanduku kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtoto wa jirani aliyemtukana njiani, kisha akajitenga hatua tatu kutoka kwenye lori. Zile hatua tatu zilinichoma kuliko maji yote ya bwawa.

Mwalimu Haule alichukua daftari la mahudhurio la shule, akaandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri, hakukata jina hata moja. Alipomaliza akaniita pembeni akanisomea majina kumi na nane. Watoto wote, mama zao, mke wa Mzee Kapinga na Yustina. Na mimi.

"Mimi wa nini? Lori linajiendesha."

"Likiharibika njiani?"

Nikaichukua ile orodha nikaisoma mwenyewe, na mara ya pili ndipo nilipoona.

"Na wewe? Mbona jina lako halimo?"

"Anayeandika orodha ya namna hii hajiandiki, Koplo," alisema. "Nisingeweza kuandika majina ya wengine."

Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa na nguvu kuliko sisi wote. Alisema maneno yale kwa kawaida tu, kama anaahirisha kipindi. Nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikageuka, nikalitazama lile lori lililovuliwa hadi mifupa, na swali likanijia mdomoni kabla halijapita kichwani.

"Nkwabi. Nitajie mzigo wote. Kitu kimoja kimoja, na kilo zake."

"Nimeshataja."

"Umetaja jumla tu ya kilo ambazo klachi inabeba. Nataka kimoja kimoja. Mimi ni fundi, nina haki."

Akataja. Fremu. Injini. Giaboksi. Ekseli mbili za nyuma, moja ya mbele. Magurudumu. Dizeli lita arobaini. Kabini bila milango. Sakafu ya mbao. Watu kumi na nane. Nilikuwa nazijumlisha kwa chaki kwenye mlango wa duka, na yeye alipofika mwisho nikapiga mstari. Haikufika jumla yake. Nikarudia. Haikufika.

"Na wewe?" nikauliza.

Nikaweka chaki chini.

"Nkwabi Lushinge, wewe una kilo ngapi?"

Injini ilikuwa imezimwa. Nilisikia mtoto analia na maji yanagonga mabati ya duka. Mafundi wa kawaida kama mimi tulikatazwa kugusa sanduku, lilikuja limefungwa kwa lakiri na wataalamu wa makao makuu, na siku zote za vita sikuwahi kuuliza uzito wake. Usingeuliza uzito wa dereva wako.

"Mia nane na kumi," alisema hatimaye. "Betri, bati nene la kuzuia risasi, na mafuta ya kupoza."

Watu kumi na watatu, kwa wastani wa kilo sitini, ni mia saba na themanini. Sikuhitaji chaki.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukamtaja Mzee Kapinga!"

"Niliogopa!" Sauti ilikatika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikuwa na utani ndani yake. "Miaka kumi na moja niko gizani na kuku, mtu anakuja ananiita jina langu, na siku hiyohiyo nishuke? Niliogopa, Editruda. Unataka nisemeje?"

* * *

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikujua ikae wapi. Mwalimu Haule alinivuta mkono.

"Yule ni mtu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Unamjua miaka ishirini."

"Ndiyo maana sijui!" nikamjibu. "Ukiniuliza kuhusu spana nitakujibu."

Akasema, kama ni kitu, tunajichelewesha bure. Kama ni mtu, basi tuko thelathini na wawili, na yeye bado ni mmoja dhidi ya kumi na watatu. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini mchana huo nilikuwa nimeshasikia hesabu nyingi zilizo sawa, na mojawapo ilimsogeza mzee wa watu hatua tatu. Tena kulikuwa na jambo jingine. Bila Nkwabi, aliyebaki wa kuendesha ni mimi. Naweza kulishusha lori na kulipandisha mbele ya gereji. Sijawahi kulipitisha Mkato, na kwenye kona ile kosa la nusu sekunde lingeua watu thelathini na mmoja badala ya kumi na watatu.

Nikarudi kwenye sanduku, nikakaa juu ya ekseli.

"Mtani wangu," nikasema, "nimekuja kukuchukulia lori lako."

"Wangoni wezi. Mlitoka Uzulu kwa miguu, leo mnataka gari la nini?"

"Tumechoka kutembea."

"Sitaki kushuka."

"Najua."

"Nikikataa utafanyaje? Klachi ninayo mimi."

"Nitakata mpira wa pampu yako kwa kisu. Ni kazi ya dakika moja. Nimekuja kuongea nawe kwanza kwa sababu sitaki kukukata kama mwizi."

"Na utaendesha wewe? Wewe uliyegonga jiko la kikosi?"

"Jiko lilikuwa limewekwa vibaya."

Alicheka. Halafu akaacha. "Mzee amesikia nilivyosema?"

"Wote wamesikia."

"Niitie."

Mzee Kapinga alikuja na mkongojo wake, akasimama mbele ya lile sanduku, akavua kofia. Nkwabi akamwamkia shikamoo. Mzee hakuitikia mara moja, na nilidhani hataitikia kabisa.

"Marahaba," alisema mwishoni. "Hata mimi nilitaka kubaki kwa mdomo tu, kijana. Miguu ilikuwa inataka lori."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Nkwabi akaachia klachi, nikasikia ule mkono wa chuma chini ya lori unarudi nyuma, tak, na kulegea. "Nitoe sasa hivi," aliniambia. "Nitoe kabla sijabadili mawazo."

Tulifungua boliti kumi na sita, tukaliteremsha sanduku kwa magogo na mnyororo, wazee na akina mama wakivuta, tukalisukuma hadi baraza la shule, mahali palipoinuka kuliko pote bondeni. Hapakuwa pa juu kutosha. Pembeni ya sanduku kulikuwa na kikasha chenye redio mbili za mkononi za kijeshi, zinazosemezana na sanduku. Nikachukua moja.

"Swichi iko hapa," nikamwambia. Kidole changu kilikuwa juu yake. "Naweza kukulaza. Hutasikia kitu. Maji yatakapokuja hutajua."

"Unaijua ile kona wewe?"

"Siijui."

"Basi ondoa kidole. Nitakuwa nasikiliza injini."

* * *

Mwalimu alisimama kando yangu, amenishikia redio sikioni kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fremu. Nyuma walikuwa wamebanana ishirini na tisa. Nilikuwa na wenzo wa nondo mkononi.

Tulivuka kijito kwa gia ya pili bila kusimama. Maji yaliingia kabinini yakanilowesha mapaja. "Usibadili," Nkwabi alikuwa anasema. "Hivyohivyo. Unasikia anavyokohoa? Mwache akohoe, hajafa." Tukaingia Mkato. Kuta za mwamba zikatubana, mchana ukawa kama jioni, na mbele yangu nikaiona kona.

"Simama. Breki yote. Sasa nyuma, mita tatu, usukani wote kulia. Hapo! Simama."

Nikasimama. Lori lilikuwa limeinua pua kama mbwa anayenusa, mgongo wake ndani ya maji. Mtu mmoja nyuma alikuwa anasali kwa sauti, wengine wakadakia.

"Pili. Mguu kwenye breki. Mafuta kidogo kwa mkono. Kidogo, Mngoni, kidogo! Huendi harusini. Sasa achia klachi kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia."

Nikaachia taratibu. Harufu ya ngozi inayoungua ikajaa kabini, moshi ukapanda kwenye sakafu. Magurudumu hayakuzunguka. Lori likateleza nyuma, nusu mita, mita nzima, na watu wakapiga kelele. Mwili wangu wote ulitaka kubana klachi tena.

"Usibane," Nkwabi akasema kwa upole kabisa. "Ukibana imekwisha. Achia yote."

"Itazima!"

"Nimekaa na injini hiyo miaka ishirini. Achia yote."

Nikaachia yote. Injini ikatetemeka, ikashuka sauti mpaka nikadhani imekufa, kisha ikashika. Nikausikia mgongo wa lori unajikaza chini yangu. Tukasogea kidogo, kisha zaidi, ukuta wa kona ukapita kando ya goti langu, maji yakabaki nyuma, na tukatokea juu, kwenye barabara kavu yenye jua.

Pale pale juu klachi ikaisha. Injini ilinguruma bure, lori likasimama, na hakuna aliyejali. Walishuka, wakakumbatiana, wakaimba. Mwalimu Haule aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa, kisha akakaa chini barabarani, akavua tai, akalia kama mtoto. Mimi nilichukua redio nikaenda ukingoni, panapoonekana bonde. Niliona bati za paa la shule. Baraza sikuliona.

"Tumepita," nikasema.

"Nimesikia. Kwenye ile mita ya nyuma umepiga kelele kama bibi harusi."

"Maji yako wapi?"

"Yamefika kwenye bawaba za sanduku. Ni ya baridi. Sikujua ningesikia baridi. Editruda. Usiniambie pole. Usiniambie asante. Nitukane."

Nikasema, "Msukuma wewe."

"Hilo si tusi, hilo ni kabila. Jitahidi."

Basi nikajitahidi. Nilimtukana kuhusu michembe yao ya viazi vikavu na ng'ombe wa mahari na jembe ambalo hata akifa atazikwa nalo. Nikamtukana kuhusu miguu yake mikubwa iliyokuwa inakosa viatu kikosini, na sauti yake ya chura kwenye nyimbo za jeshi, na barua ya mapenzi aliyomwandikia mpishi akakosea jina. Alijibu lile la viatu. Alijibu la barua, akacheka, na kicheko kikawa na mkwaruzo ndani yake. La ng'ombe wa mahari alilijibu nusu. Nikaendelea, machozi yananiingia mdomoni, nikapandisha sauti, nikatafuta matusi ya zamani niliyokuwa nimeyasahau.

Mwalimu alikuja nyuma yangu akaniwekea mkono begani. Akasema watu wako tayari, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi kijiji cha kwanza, na wazee wanatakiwa wafike kabla jua halijazama.

"Tangulieni," nikamwambia. "Bado sijamaliza."

Nikabonyeza kitufe cha redio, nikamtukana tena, nikaachia kitufe ili asikike akijibu. Nilifanya hivyo mara nyingi, mpaka watu wangu wakawa wamefika mbali barabarani.